Kambi ya Desemba: kitabu asubuhi, mahindi alasiri

Oktoba ikielekea kwisha, simu yangu huanza kuita. Wazazi huuliza mambo matatu, na karibu kila mwaka huyauliza kwa mpangilio uleule: ni pesa ngapi, watalala wapi, na je, mtawabatiza? Watoto wao huuliza moja tu: kuna marupurupu?

Mimi ni tyuta wa taasisi ya mafunzo ya Kibahá'í, yaani ya dini iliyoanzishwa na Bahá'u'lláh, huku Matunda Soy, Magharibi mwa Kenya. Tyuta ni yule anayekaa na kundi na kulisindikiza kitabu hadi kitabu. Si mhubiri, Wabahá'í hatuna makasisi. Kila likizo ndefu, shule zikifungwa na watahiniwa wa kidato cha nne wakimaliza karatasi zao, tunakusanya vijana kwa siku kumi hivi za masomo na huduma. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufanya mambo kama haya kiangazi, Julai na Agosti. Kwetu ni Desemba, na hiyo Desemba ina mambo yake, kama nitakavyoeleza.

Nianze na majibu ya simu. Hatutozi ada. Chakula hutoka kwenye mfuko wa Wabahá'í, ambao kwa kanuni huchangiwa na Wabahá'í wenyewe tu. Jirani wa kanisa la Friends au Mkatoliki akimtuma mwanawe na mahindi kiasi, tunapika na kula pamoja, lakini hatumwombi mchango wa dini yetu. Wasichana hulala nyumba moja na akina mama wawili wa kijiji, wavulana hulala boma jingine, na hapokelewi kijana bila barua ya mzazi. Kubatiza, hatubatizi, hata kwa Wabahá'í wenyewe ubatizo haupo. Ila sitamdanganya mzazi kwamba kambi haihusu dini. Tunasoma maandiko ya Bahá'u'lláh tangu asubuhi, na kijana anayetaka kubaki Mkatoliki anabaki Mkatoliki na kiti chake ni kilekile. Mafundisho yetu yanataka kila mtu aitafute kweli kwa macho yake mwenyewe, na hata mtoto aliyezaliwa kwa Wabahá'í hachukuliwi kuwa amerithi imani kama anavyorithi shamba.

Marupurupu hakuna. Hapo ndipo wengine huaga. Siwalaumu: wamekulia katika nchi ambamo semina yoyote ina bahasha ya nauli mwishoni, na mtu mzima aliyewafundisha hivyo ni sisi.

Vitabu tunavyotumia vilianzia mbali. Taasisi ya Ruhi, inayoviandaa, ilizaliwa Kolombia, na mizizi yake iko katika eneo la Norte del Cauca, nchi ya mashamba ya miwa ambako wakazi wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Mwaka 1974 kundi la walimu na wanasayansi lilianzisha huko shirika la FUNDAEC, likiongozwa na Farzam Arbab, kutafuta elimu inayomfaa mtu wa kijijini bila kumng'oa kijijini. Sisi wa Magharibi tunaoijua miwa na madeni yake hatuhitaji kuelezwa sana mahali hapo palivyo. Mwaka 2012 Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza kuu la Wabahá'í duniani, ilipotangaza mahali patano pa kwanza duniani pa kujengwa Nyumba za Ibada za mahali, yaani za kuhudumia eneo moja, Norte del Cauca ilikuwa mojawapo, na Matunda Soy pia. Yao ilifunguliwa 2018, yetu tarehe 23 Mei 2021. Mchoro wa yetu ni wa Neda Samimi, na paa lake linakumbusha vibanda vya babu zetu. Wageni huja kuipiga picha. Vijana wa kambi huja alfajiri kusali, na baada ya siku ya tatu hawaioni tena kama jengo la ajabu. Nafikiri ndivyo inavyotakiwa.

Sasa masomo yenyewe. Kitabu cha kwanza cha Ruhi kina sehemu tatu: kuelewa maandiko, sala, na uhai na mauti. Sentensi ya kwanza kabisa ambayo kijana anakutana nayo inasema kwamba ulimwengu utaboreka kwa matendo safi na mema, na kwa mwenendo unaostahili sifa. Tunaisoma, tunaulizana maana, tunaihifadhi kwa moyo. Mgeni akipita nje anaweza kudhani ni darasa la watoto wadogo, kwa sababu maswali ya mwanzo ni mepesi mno: sentensi imesema ulimwengu utaboreka kwa nini? Kwa matendo. Kijana aliyetoka kufanya mtihani wa taifa huchoka nayo siku ya kwanza. Amezoea kwamba swali jepesi ni la mjinga. Siku ya pili au ya tatu linakuja swali la namna nyingine: ukimwona mtu anatenda mema ili asifiwe, tendo hilo ni safi? Hapo hata wale wa nyuma huacha kuchora kwenye daftari. Nimesikia mabishano ya saa nzima juu ya mwanasiasa anayegawa unga, na sikutia neno.

Kuhifadhi kwa moyo kuna wanaokudharau. Mwislamu aliyepitia madrasa ananielewa bila maelezo. Aliyepitia shule zetu tu huniambia hiyo ni kukariri. Tofauti ni matumizi. Maneno yanayohifadhiwa asubuhi yatahitajika jioni, kijana atakapoketi kwenye sebule ya mtu mgonjwa na kuombwa sala, huku taa ikiwa hafifu na kitabu kimebaki kambini.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa maana wengi huielewa kambi vibaya hapo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulidhani masomo ndiyo chakula na huduma ni kachumbari. Asubuhi tusome, alasiri tufanye kitu chochote chema, tufagie soko, tupake chokaa vyoo vya zahanati, jioni tuimbe. Kufagia soko si kubaya. Lakini kesho yake soko ni chafu, na kijana amejifunza kwamba huduma ni jambo linalofanywa na watu waliovaa fulana zinazofanana, kisha wanapanda matatu.

Mwaka mmoja, nikiwa mratibu, tulipanda miche 200 ya grevilia kando ya barabara na kuzunguka uwanja wa shule. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Tuliimba, tulipiga picha, chifu akatushukuru barazani. Ilikuwa katikati ya Desemba. Mtu yeyote anayelima huku anajua kwamba mvua zetu huanza Machi au Aprili na Desemba jua linakausha hata nguo ya sufu. Mwisho wa Januari nilipita kwa boda boda na sikuona miche, niliona vijiti. Vile ambavyo jua lilivisaza, mbuzi walimaliza. Nyanya mmoja jirani na shule, mjane, alinisimamisha.

"Mjukuu wangu, siku ile mlikuwa mnapanda au mnazika?"

"Tulikuwa tunapanda, nyanya."

"Miti ni ya Aprili. Mngeuliza."

Hatukuwa tumeuliza. Tulikuwa na mafundisho mazima juu ya mashauriano, yale ambayo ndani yake kila mtu hutoa wazo lake waziwazi, na wazo likishatoka mdomoni linakuwa la kikao, si la mwenyewe tena, ili lichambuliwe bila mtu kuumia. Tuliyasoma asubuhi. Alasiri tukaamua peke yetu chini ya mwembe.

Mwaka uliofuata siku mbili za kwanza za huduma hatukushika jembe. Vijana walikwenda nyumba kwa nyumba wawili wawili, kama kitabu cha pili kinavyowafunza kufanya, wakakaa, wakanywa chai, wakasikiliza. Wengine walirudi wamenuna, wakisema watu hawajawaambia shida yoyote, wamelalamikia mahindi tu. Mahindi tu! Kumbe ndiyo yenyewe. Huku upande wa Trans Nzoia na Lugari mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, na Novemba na Desemba ni kuvuna, kuanika na kupukuchua. Wazazi waliokuwa wakinipigia simu kuuliza habari za ubatizo walikuwa na swali la nne ambalo adabu iliwazuia: mnawachukuaje watoto wetu wakati wa mavuno?

Kwa hiyo tuliwarudisha shambani. Sasa alasiri za kambi ni za wazee na wajane ambao hawana mikono. Vijana hubeba, huanika kwenye maturubai, hupukuchua. Na hapa kuna sayansi, ambayo Wabahá'í tunaihesabu kuwa bawa la pili la kumrusha mtu, dini ikiwa la kwanza. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu ambayo huioni wala huionji. Bodi ya nafaka hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nyanya hana kipimo cha umeme, lakini ana chupa ya soda. Chukua chupa kavu kabisa, tia chumvi kavu kidogo, tia konzi chache za mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, yarudishe juani. Ikibaki chini, mahindi yako karibu kufaa kwenda guniani. Wasichana wawili wa kidato cha tatu ndio waliotuletea jambo hili, kutoka kwenye somo lao la kilimo, na wiki ile walizunguka kijiji kizima na chupa zao kama waganga.

Jioni walipokaa chini, ile sentensi ya matendo safi ilirudi yenyewe. Mvulana mmoja aliuliza kama tendo jema lililofanywa bila ujuzi ni safi. Akataja miche. Nilitazama chini.

Jikoni nako kulikuwa na somo ambalo halikuandikwa kwenye kitabu. Usawa wa wanawake na wanaume ni msingi wa imani yetu, tunausema kwa sauti kubwa. Kambi yangu ya kwanza wasichana walikuwa wakiondoka darasani saa tano kwenda kusonga ugali, wavulana wakibaki kuzungumzia usawa. Hakuna aliyeamuru hivyo. Ilitokea tu, jinsi maji yanavyofuata mteremko. Sasa kuna zamu, na sufuria ya kwanza ni ya wavulana na matyuta wa kiume. Ugali wa siku ya kwanza huwa na mabonge. Tunaula.

Kazi ambayo hasa tunawaandalia vijana hawa, hata hivyo, ni chipukizi: watoto wa miaka 12 hadi 15, ambao ni wakubwa mno kwa darasa la watoto na wadogo mno kwa mambo ya vijana. Tangu 2023 serikali imewapa jina na madarasa yao, sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi ya 9, na walimu watakwambia umri huu ulivyo. Kijana anayewaongoza tunamwita animeta. Hasimami mbele kama mwalimu. Hukaa nao, anasoma nao hadithi, anawasaidia kutafuta maneno ya kusema walichokiona nyumbani na njiani, kisha wao wenyewe wanachagua jambo dogo la kufanyia kijiji chao. Umri wa chipukizi ni umri wa kuambiwa nyamaza. Kikundi kizuri cha chipukizi kina kelele, nami humwambia animeta mpya asiogope kelele, aogope ukimya wa siku ya nne.

Na sasa tatizo ambalo sijalimaliza. Kambi hupendeza. Siku ya mwisho watu hulia, hukumbatiana, huapa kuanzisha vikundi. Nimewahi kuandika kwenye ripoti idadi ya vijana waliomaliza kitabu na kujiona nimefanya kazi. Kisha Januari shule za bweni zinafungua. Animeta aliyeanzisha kikundi cha chipukizi kumi Desemba yuko bwenini hadi Aprili, na wale kumi wanaketi chini ya mti Jumamosi mbili, wanangoja, Jumamosi ya tatu wanacheza mpira. Mtoto wa miaka 13 aliyeachwa hivyo mara moja, mara ya pili harudi kirahisi. Siku hizi siulizi tena wangapi walihudhuria kambi. Nauliza vikundi vingapi vinakutana wiki ya pili ya Februari, na mara nyingi jibu ni dogo.

Mwaka huu tunajaribu kuwaunganisha wawili wawili: mmoja wa bweni na mmoja aliyemaliza kidato cha nne anayengoja matokeo nyumbani, au msichana wa shule ya kutwa, au hata mama mdogo wa kijijini ambaye hakumaliza shule lakini anasoma vizuri na watoto wanamsikiliza. Mwenza huyo lazima awepo kambini tangu siku ya kwanza, asiletwe mwishoni kama gurudumu la akiba. Hii ina maana ya kumtafutia mtu wa kumshikia mtoto, na kuhamisha tarehe hadi mahindi mengi yawe yameingia ghalani. Tarehe tumeshahamisha. Wa kushika watoto tumepata wawili, na tunahitaji wanne. Anayekuja alete blanketi, sahani, kijiko, barua ya mzazi, na chupa ya soda tupu yenye kifuniko, iliyokauka vizuri.