Iache Saa Ilale

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja aliingia dukani, hapa Mombasa, amekumbatia kisanduku cheusi chenye kioo mbele. Hata kukaa hakukaa. "Fundi, hiki nimeletewa kutoka Dubai. Kinazizungusha saa zenyewe zisisimame. Nina mwaka wa sita nacho. Sasa niambie, mbona hii moja imeanza kuchelewa?"

Ndani mlikuwa na saa tatu za otomatiki, zikizunguka taratibu kama kuku wa kuchoma kwenye vile vioo vya mikahawa. Nilimwomba akae, nikamwita muuza kahawa, tukaongea karibu saa nzima. Niliyomwambia nayaandika hapa, maana swali lake naulizwa mara kwa mara na kila mwenye saa mbili au zaidi. (Mwenye moja huivaa, yakaisha.)

Rai yangu naitanguliza: otomatiki usiyoivaa iache isimame.

Ndani ya saa hizi mna kamani, utepe mrefu mwembamba wa chuma uliozongwa ndani ya pipa dogo. Ikikazwa hutaka kujifungua, na kule kujifungua ndiko kunakosukuma magurudumu. Mgongoni kuna rota, nusu duara ya chuma kizito. Mkono ukisogea, rota inazunguka na kuikaza kamani kidogo kidogo, ndipo usihitaji kutia ufunguo kila asubuhi kama babu zetu. Ukiivua, rota hutulia, kamani hujifungua mpaka nguvu iishe, na saa husimama. Haijaharibika. Ina njaa tu.

Muda wa kufika hapo hutegemea mashine. Ile 7S26 ya Seiko, ambayo kwenye meza yangu ni kama mgeni wa kila siku, hudumu saa 40 hivi. ETA 2824-2 ya Uswisi hudumu kama 38. Siku hizi kuna Powermatic 80 yenye saa 80 kama jina lake, na Rolex zenye mashine ya 3235 hufika 70. Kwa hiyo Seiko yako ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ikiwa imejaa, tegemea kuikuta imesimama Jumapili kama saa nne asubuhi. Nasema ikiwa imejaa. Anayeshinda ofisini mkono umelala juu ya meza huvua saa iliyoshiba nusu, kisha Jumamosi usiku anakuja kwangu kwa simu kulalamika kwamba mashine ni mbovu.

Mteja wangu hakukubali upesi. Yeye ni mtu wa bahari, akanitolea mfano wa bahari: chombo kikipandishwa pwani kikakaa kavu, mbao hujikunja, kalafati hulegea, ukikirudisha majini kinavuja. Wengine hunitolea wa gari: likikaa bila kuwashwa, betri hufa na matairi hupasuka. Mifano mizuri yote miwili, lakini saa haina betri wala mbao. Vyuma vyake vikitulia mahali pakavu, hutulia tu.

Hofu hii hata hivyo haikutoka hewani. Zamani saa zilitiwa mafuta ya wanyama. Huko New Bedford, Massachusetts, karne ya 19, William Nye alijenga biashara kubwa ya mafuta ya saa yaliyotolewa kwenye taya na kichwa cha pomboo na nyangumi wadogo. Yalikuwa laini ajabu, lakini ni mafuta ya kiumbe: mwisho huganda na kunata kama gundi. Mafundi wa enzi hizo walikuwa na sababu ya kumwambia mtu asiiache saa ikae muda mrefu. Leo tunatia mafuta ya kutengenezwa maabara. Mimi hutumia Moebius 9010 kwenye ekseli zinazokwenda mbio na 9415 kwenye vijiwe vinavyopigwapigwa, na hayo hayagandi kwa sababu saa imelala. Huzeeka, ndiyo, hukauka na kuhama mahali pake polepole, lakini huzeeka saa ikienda na huzeeka ikisimama. Kuizungusha hakuyarudishii ujana.

Tofauti ni hii: mafuta yakikauka saa ikiwa imelala, hakuna kinachosagika. Yakikauka ikiwa inakwenda, chuma kinakula chuma. 7S26 hupiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, 518,400 kwa siku, zaidi ya milioni 189 kwa mwaka. ETA 2824-2 hupiga 28,800 kwa saa, na mwaka ukiisha imepita milioni 252. Mapigo hayo kwenye mafuta mazima si kitu, mashine iliundwa kwa kazi hiyo. Kwenye mafuta yaliyokauka ni msasa.

Ile saa ya mteja, iliyoanza kuchelewa, nilimfungulia palepale ajionee. Miaka sita haikuwahi kupumzika hata siku moja, na haikuwahi kufanyiwa sevisi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, "ilikuwa inakwenda vizuri." Nilimpa lenzi. Kwenye vitundu vya magurudumu kulikuwa na pete nyekundunyekundu kama vumbi la matofali. Ule ni unga wa chuma uliochanganyika na mabaki ya mafuta. Ncha mbili za ekseli zilikuwa na mikwaruzo, na beringi ya rota ilikuwa imelegea kiasi kwamba rota ilikuwa ikikuna mfuniko kwa ndani. Magurudumu mawili ilibidi yaagizwe mapya.

Kisha nikavuta droo yangu nikamwonyesha Seiko 5 ya marehemu ami yangu. Ami alifanya kazi Muscat miaka mingi, na saa hiyo ilitoka huko. Siku zake unaweza kuzisoma kwa Kiarabu au Kiingereza, utakavyo. Alipofariki ilifungwa kwenye kitambaa, ikawekwa ndani ya kasha, ikasahauliwa miaka tisa. Nilipoifungua mafuta yalikuwa yamekwisha kabisa, vitundu vikavu kama kokwa la tende. Lakini ekseli zote zilikuwa zinang'aa. Niliiosha, nikaitia mafuta, nikabadilisha mipira ya kuzuia maji, ikaanza kwenda. Hakuna kipande kimoja cha chuma nilichonunua.

Mteja akaitazama moja, akaitazama nyingine, akamaliza kahawa yake.

Sitaki nikisingizie kisanduku makosa ambayo si yake. Watu wengi hudhani kinaweza kuikaza kamani mpaka ikatike. Hapana. Ncha ya nje ya kamani ya otomatiki haikufungwa kwenye pipa. Huishika kuta kwa nguvu, na ikishajaa inateleza. Mtu angeweza kukimbia mbio za marathoni nayo, isikatike. Ila kule kuteleza ni msuguano, na pale ukutani pana grisi maalumu inayolika. Kisanduku kizuri huzungusha kwa kipimo, mizunguko kama 650 hadi 800 kwa siku, kisha hupumzika. Vya bei rahisi huzungusha mfululizo kama pangaboi, na mota yake ikiwa haikukingwa huweza kuitia saa usumaku, ikaanza kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku. Tena angalia upande: Valjoux 7750, iliyomo kwenye otomatiki nyingi zenye kipima-mbio, hujaza rota ikizunguka upande mmoja tu. Ukikiwekea kisanduku upande usio wake, kitazunguka mwaka mzima na saa imesimama vilevile.

Yupo mtu ambaye kisanduku kinamfaa kweli: mwenye kalenda ya kudumu, ile inayojua Februari ina siku ngapi na mwaka mrefu ni upi. IWC walitoa Da Vinci yao mwaka 1985, kazi ya Kurt Klaus, ambayo kalenda yote huendeshwa kwa ufunguo mmoja, kile kifundo cha ubavuni mwa saa, na haiendi nyuma. Ikisimama miezi mitatu una kibarua cha kuipeleka mbele siku baada ya siku, na ukipitiliza, ama uisubiri tarehe ikukute au uirudishe kwa fundi aliyefunzwa. Mwenye saa hiyo anunue kisanduku bila hata kuniuliza. Mimi sijawahi kufungua hata moja, na kwa mtaa wangu sitarajii.

Sisi wengine shida yetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini ndiyo inayoniletea kazi nyingi kuliko kusimama kwenyewe. Ni kuiamsha.

Saa imesimama siku nne. Asubuhi unaichukua haraka, unavuta ufunguo, unapeleka tarehe mbele, tik, tik, tik, unaweka wakati, unaondoka. Kumbe akrabu fupi ilikuwa imesimama karibu na 11, na kwa mashine ilikuwa saa tano ya usiku. Kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, meno ya kubadilisha tarehe huwa yameshikana kwa kazi yao ya saa sita usiku. Ukilazimisha tarehe wakati huo, kitu kinakatika. Kwenye baadhi ya Seiko kile kidole kinachosukuma ni cha plastiki, hakibembelezi. Najua kwa sababu cha kwanza nilichokivunja kilikuwa cha mteja wa mwalimu wangu, nami nikiwa na wiki tatu tu za kujifunza, nikakilipia kwa mwezi mzima wa kufagia duka.

Hapa sisi Waswahili tuna mtego wa ziada. Akrabu ikiwa kwenye 9 tunasema saa tatu. Ukisoma maelekezo ya kiwandani kwamba usiguse tarehe kati ya 9 usiku na 4, halafu kichwani ukageuza kwa hesabu yetu, halafu ukageuza tena ukitazama uso wa saa, unaishia kufanya kilekile ulichokatazwa. Nimeona wasomi wakipotea hapo. Kwa hiyo wateja wangu siwatajii saa, nawaonyesha mahali. Vuta ufunguo mpaka mwisho, uzungushe akrabu mbele mpaka tarehe iruke. Hapo umejua ni saa sita usiku. Endelea mbele mpaka akrabu fupi ielekee chini kabisa, kwenye 6, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Sasa rudisha ufunguo hatua moja, weka tarehe ya jana, vuta tena, peleka akrabu mbele mpaka tarehe ya leo ijitokeze yenyewe, kisha uendelee hadi wakati uliopo, ukikumbuka kwamba mchana akrabu lazima ipite 12 mara ya pili. Inachukua dakika moja na nusu.

Kabla ya hapo ishibishe kidogo. Mashine zinazokubali ufunguo wa mkono, kama 4R36 ya Seiko au ETA 2824-2, zitie mizunguko 20 au 30 taratibu. 7S26 haikubali, utauzungusha ufunguo mpaka vidole viote sugu. Yenyewe ibebe kiganjani, uso juu, uizungushe kama mtu anayesuuza kikombe, nusu dakika, kisha uivae. Kuitikisa kama chupa ya dawa hakusaidii. Na kama ufunguo ni wa kukaza kwa skrubu, ukaze mpaka mwisho ukimaliza.

Kwa sababu hapa pwani kinachoua saa ni unyevu wenye chumvi. Mwaka 1924 fundi saa Mwingereza, John Harwood, alipata hataza ya saa ya mkono inayojijaza, na kilichomsukuma ni vumbi na unyevu alivyoona vikiingia kupitia shimo la ufunguo. Yake aliiondolea ufunguo kabisa, wakati ukirekebishwa kwa kuzungusha duara lililozunguka kioo. Rolex walipokuja na rota ya kuzunguka duara zima, mwaka 1931, waliitia ndani ya kasha lisiloingiza maji. Miaka mia imepita, na bado ninafungua saa za watu waliohangaika kuzizungusha usiku kucha huku mipira ya kuzibia imekauka na kupasuka, kamani ina kutu.

Saa unayoilaza ifute jasho kwa kitambaa chenye maji kidogo, hasa nyuma na kwenye maungio ya mkanda. Ikauke. Iweke ndani ya kopo au mfuko unaofungika, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na spika na simu. Mkanda wa ngozi uvue, utaota ukungu. Ikifika miaka mitano hivi iletwe itazamwe, iwe ilivaliwa au haikuvaliwa.

Mteja aliniachia ile moja kwa matengenezo. Mbili akazivua kwenye kisanduku na kuzitia mfukoni. Kisanduku chenyewe alikiacha juu ya kaunta, na mpaka leo hajakifuata. Kijana wangu anawekea ndani yake bisibisi.

Jioni, nikifunga, niliitoa tena Seiko ya ami. Ilikuwa imesimama saa nane na dakika kumi, sijui ya mchana au ya usiku. Nikaisuuza kiganjani, ikaanza, nikavuta ufunguo na kuzungusha mbele nikisubiri tarehe iruke.