Kabla ya kulala na CPAP, kaa nayo mchana

Wagonjwa wengi wanaoanza mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kupitia barakoa kwa wanaokatikiwa pumzi usingizini, wanaibeba nyumbani jioni, wanaivaa saa nne usiku na kuzima taa. Saa sita wameshaivua. Asubuhi napigiwa simu: "Daktari, hiki kitu kinanikaba." Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam, na nimeona kwamba wanaoacha mashine huiacha mapema, katika wiki za mwanzo, na kinachowashinda mara nyingi ni vitu vidogo vinavyorekebishika. Mkanda umekazwa kupita kiasi, pua imeziba, au ndani ya nyumba kuna hofu ambayo hakuna aliyeizungumza. Ndiyo maana kila mgonjwa mpya namwomba asianze na usiku. Aanze mchana, akiwa macho.

Lakini kwanza aelewe mashine inafanya nini, maana hofu nyingi inaanzia hapo. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Njia ya hewa ikibana kidogo, unakoroma. Kwa wenye tatizo hili inajifunga kabisa, kama mpira laini wa maji unaponyonywa upande mmoja. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha nusunusu. Unavuta pumzi kwa kishindo, unalala tena. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu tukio moja, na tunahesabu pia zile nyakati ambazo inapungua sana bila kukatika. Chini ya matukio 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 30 kwa saa ni hali kali, maana yake usingizi unavurugwa kila dakika mbili usiku kucha na mwenyewe hana habari. Anachojua ni kwamba anaamka kichwa kinauma, anakwenda chooni usiku mara kwa mara, anasinzia akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, na presha yake haikai sawa ingawa dawa anameza.

Mashine inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaichuja, inaisukuma taratibu kupitia mpira hadi kwenye barakoa, na msukumo huo unalizuia koo lisijifunge. Msukumo huo unapimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Sentimita 10 ni kama asilimia 1 tu ya mgandamizo wa hewa unaotuzunguka sasa hivi, kwa hiyo anayeogopa kwamba mapafu yatapasuka aondoe wasiwasi. Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, walioitangaza tiba hii mwaka 1981, katika majaribio yao ya mwanzo walitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, wakaigeuza ipulize badala ya kuvuta. Mpaka leo kazi yake ni hiyo, kupuliza.

Hakuna mtungi. Hakuna oksijeni inayoongezwa. Hili nalisema mbele ya familia nzima, kwa sababu tangu UVIKO watu wa mji huu wakiona mtu kavaa barakoa yenye mpira wanafikiria chumba cha wagonjwa mahututi. Mama mmoja wa Tabata alikuja na mumewe, akasubiri mpaka mume ametoka kwenda kupima presha, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, samahani, umeme ukikatika usiku mume wangu si atakufa?" Hapana, mama. Umeme ukikatika hewa ya mashine inasimama, lakini mgonjwa hafungiwi humo ndani. Barakoa inayofunika pua na mdomo ina kilango kidogo kinachofunguka chenyewe msukumo ukiisha, hewa ya nje inaingia. Ile ya pua peke yake inaacha mdomo huru. Wengi huamka, wanaivua, basi. Kinachorudi ni ugonjwa wao wa zamani kwa usiku huo, na hakuna jipya zaidi ya hapo.

Kwenye barakoa kuna pia vitundu vidogo mbele, vinatoa upepo muda wote. Ni vya makusudi, hewa uliyoitoa inapitia hapo. Nilishaona barakoa iliyozibwa vitundu hivyo kwa plasta, familia ikidhani imetoboka. Usizibe kamwe. Ukiviziba unarudia kuvuta hewa chafu yako mwenyewe.

Sasa hayo mazoezi ya mchana. Keti sebuleni, washa mashine, ishike barakoa kwa mkono mbele ya pua bila kufunga mikanda. Angalia taarifa ya habari. Pumua kwa pua, mdomo umefungwa. Ukitaka kuiondoa, iondoe, irudishe. Mkono wako ndio unaotawala, na mwili unajifunza kwamba unaweza kutoka wakati wowote. Ukizoea dakika ishirini hivi, funga mikanda. Siku inayofuata jilaze nayo alasiri, hata usipopata usingizi. Wenye hofu kali ya kufunikwa uso wanaweza kuchukua wiki nzima kwa hatua hizi, na sioni tatizo lolote. Wiki moja ya subira inazaa miaka ya matumizi, wakati aliyelazimishwa usiku mmoja mara nyingi hairudii tena.

Kuna lalamiko moja linalowachanganya hata wahudumu. Mgonjwa anasema, "Sipati hewa ya kutosha," na wahudumu wanadhani msukumo umezidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza chini, labda 4, kisha kupanda polepole wakati unatafuta usingizi. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa hiyo 4 ni ndogo mno, anajiona anapumua kupitia tundu la sindano. Tukipandisha mwanzo hadi 6 anatulia. Kinyume chake, anayeona tabu kutoa pumzi anaweza kuwekewa mpangilio unaopunguza msukumo kila anapotoa pumzi. Mipangilio hii ipo, lakini iguswe na aliyekupimia.

Kuvuja hewa ndiko kunakosumbua kuliko yote, na wengi hukimbilia kukaza mikanda. Ukikaza sana, ule mpira laini wa silikoni unabonyea, unapoteza umbo, unavuja zaidi, na asubuhi una kidonda juu ya pua. Fanya hivi. Lala kama unavyolala kweli, kwenye mto wako, mashine ikiwa imewashwa. Ivute barakoa mbali na uso kidogo, ijae hewa, iache irudi ikae yenyewe. Kisha kaza kidogo kidogo, pande zote mbili sawasawa, mpaka upepo uache kuelekea machoni. Ukirekebisha ukiwa umekaa halafu ukalala, uso unabadilika na kazi yote imepotea.

Osha uso kwa sabuni kabla ya kulala, na usipake mafuta ya nazi wala Vaseline sehemu barakoa inapokaa. Yanafanya iteleze, na silikoni inachakaa haraka. Kwa akina mama, kila unapobadilisha msuko, pima mikanda upya. Mikanda iliyokaa vizuri juu ya nywele fupi haitakaa hivyo juu ya rasta nene, na kitambaa cha kichwani kikiteleza usiku kinaondoka na barakoa. Nimeona mashine ikilaumiwa kwa usiku mbaya, kumbe siku hiyo mgonjwa alitoka saluni.

Kuhusu maji na unyevu, maelekezo ya kwenye vitabu vya mashine yameandikwa kwa nchi zenye baridi kavu. Hapa kwetu, anayelala na feni madirisha wazi mara nyingi hahitaji unyevu mwingi, na wengine hawauhitaji kabisa. Anayelala na AC ana habari nyingine. Hewa inakauka, pua inawasha, anawasha tangi la maji, kisha ule unyevu wa moto ukikutana na mpira uliopozwa na AC unageuka matone. Saa tisa usiku unasikia mpira unagugumia na maji yanakutonea puani. Punguza ubaridi wa AC, pitisha mpira chini ya shuka au uvishe kitambaa, shusha unyevu hatua moja, na uiweke mashine chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi kwenye tangi. Isikae sakafuni, vumbi litamaliza chujio. Kigoda kando ya kitanda kinatosha. Mpira upite chini ya chandarua, chandarua kichomekwe vizuri, na kitambaa chake kisifunike sehemu mashine inapovutia hewa.

Maji ya tangini yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Maji ya kisima ya mitaa mingi ya Dar yana chumvi, na kuyachemsha kunaua vijidudu tu, chumvi inabaki na kuganda tangini. Yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari usiyatumie, yapo yenye asidi.

Umeme nao tuuseme. Mashine nyingi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani inakubali umeme wetu kwa kubadilisha plagi tu. Soma maandishi kwenye adapta kabla hujachomeka, na pitisha kwenye stabilaiza. Kwa usiku wa giza, betri au inveta inafaa, na ukizima joto la tangi la maji matumizi yanapungua sana, betri inaweza kukufikisha asubuhi. Huna betri? Lala ubavu, inua kichwa, na usinywe pombe jioni hiyo.

Mashine zilizotumika naziogopa kidogo. Sisemi usinunue, najua bei ya mpya. Lakini mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza sauti ilikuwa inaweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Muuzaji wa mtandaoni hatakwambia. Andika namba ya mashine, ihakiki kabla ya kulipa, na ujue kwamba imepangiwa koo la mtu mwingine mpaka ipangwe upya kwa vipimo vyako.

Ninalolisisitiza zaidi ya yote ni alfajiri. Usingizi wa ndoto unajaa zaidi katika theluthi ya mwisho ya usiku, na ndani yake misuli ya koo inalegea kupita wakati mwingine wowote. Kwa wagonjwa wengi hapo ndipo pumzi hukatika kwa muda mrefu zaidi. Sasa tazama tunavyoishi. Mtu anaamka kwa adhana au kengele ya misa ya asubuhi, anaswali au anasali, anarudi kujilaza kidogo, mashine ameshaizima. Mwezi wa Ramadhani anakula daku na kulala tena bila barakoa. Hiyo saa moja na nusu anayoiona ndogo ndiyo koo lake liko katika hali mbaya kuliko zote. Ukirudi kitandani, vaa. Ukienda chooni usiku, usivue mikanda, chomoa mpira tu pale unapoungana na barakoa, ukirudi uchomeke.

Mtasikia kwamba kuivaa kwa muda wa saa nne kila usiku kunatosha. Kipimo hicho kinatoka kwa walipaji wa bima Marekani, walioamua kumhesabu mgonjwa kuwa anatumia mashine akifikisha saa 4 katika asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30. Ni hesabu ya kulipia mashine. Mimi nataka uivae kila unapolala, mpaka unapoamka.

Usiku wa mwanzo wengine wanaota ndoto nzito, ni mwili unalipwa usingizi uliokosa. Wengine wanaamka tumbo limejaa hewa, wanacheua mpaka saa nne asubuhi. Hilo ni la kuniambia, msukumo au aina ya barakoa inahitaji kuangaliwa. Mdomo ukikauka kama ubao, unafunguka usiku, na huenda pua ndiyo inayohitaji tiba kwanza. Wapo wanaojisikia wapya kesho yake. Wengi wanahitaji wiki kadhaa, na kwa wanaoendesha basi, lori au bodaboda nasema wazi kwamba wasishike usukani wakiwa bado wanasinzia, hata kama mashine iko nyumbani.

Kwenye kioo cha mashine angalia namba tatu: saa ulizotumia, hewa inayovuja, na matukio kwa saa, ambayo tunataka yawe chini ya 5. Usihukumu kwa usiku mmoja, tazama wiki. Ukija kliniki, njoo na mashine yenyewe, barakoa yake na ile kadi ya kumbukumbu, hata kama unaona aibu kwamba hujaitumia sana. Na njoo na unayelala naye, maana yeye ndiye anayejua unaivua saa ngapi.