Nauli Nafuu na Tangi Nusu: Jibu la Rubani

Juzi, katika hitma moja hapa Majengo, Mombasa, mzee ninayemheshimu sana aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu Kapteni, hizi ndege zenu za nauli ya basi, ni kweli mafuta mnatia nusu tangi?" Nilimjibu kwa adabu inayostahiki umri wake. Lakini swali hilo nimeshaulizwa harusini, sokoni Kongowea, na hata na daktari aliyekuwa akinipima macho kwa ajili ya leseni, kwa hiyo leo ninalijibu kwa maandishi.

Ni kweli, tangi halijai. Halijai katika ndege ya shirika lolote, liwe la nauli ghali au nafuu, inayosafiri baina ya Nairobi na Mombasa, umbali wa kilomita 420 hivi. Mafuta ni uzito, na uzito huo nao unakula mafuta. Isitoshe, ndege iliyojazwa pomoni kwa safari ya saa moja huenda ikafika ikiwa imezidi uzito inaoruhusiwa kutua nao. Kinachohesabiwa ni muda wa kukaa angani. Yapo mafuta ya safari yenyewe. Juu yake huongezwa akiba, kwa kawaida asilimia 5, kwa ajili ya upepo usiotabirika na mizunguko isiyotarajiwa. Kisha mafuta ya kutufikisha kiwanja mbadala endapo Mombasa imezibwa na mvua. Na chini kabisa, mafuta ya dakika 30 ambayo hayaguswi. Nikiona kwamba nitatua nikiwa na pungufu ya dakika hizo 30, ninalazimika kutangaza hali ya hatari redioni, na baada ya hapo nitaandika maelezo mengi kuliko haya. Hesabu hii haiulizi abiria amelipa shilingi ngapi.

Juu ya hesabu hiyo, kapteni ana haki ya kuongeza. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto na wingu la radi limetanda juu ya Port Reitz, ulipo uwanja wetu wa ndege, ninaongeza bila kumwomba mtu ruhusa. Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Katika kampuni moja niliyopitia, kila mwisho wa mwezi tulionyeshwa orodha ya wastani wa mafuta ya ziada aliyobeba kila kapteni. Hakuna aliyekaripiwa, wala jina langu halikuwahi kuwa la kwanza. Hata hivyo, ninapoandika kiasi cha mafuta alfajiri, siwezi kuapa kwamba ile orodha haijakaa pembeni ya akili yangu ikinong'ona. Sheria inasema neno la mwisho ni la kapteni, na sheria haidanganyi. Lakini haisemi lolote kuhusu orodha.

Basi unafuu unatoka wapi? Unatoka chini, uwanjani. Mwaka 1972, shirika la Southwest la Texas, Marekani, lilibanwa na fedha hadi likauza ndege moja kati ya nne zilizokuwa zake. Ili ratiba isivunjike, ndege tatu zilizobaki zilipewa dakika 10 tu za kushusha abiria, kupakia wengine na kuondoka. Biashara nzima ya nauli nafuu imesimama juu ya wazo hilo: ndege iliyoegeshwa haiingizi hata senti. Mengine mnayajua: aina moja ya ndege ili mafundi na vipuri viwe vya namna moja, viti vya daraja moja, begi kwa malipo yake, na maji ya kununua. Mtihani wangu wa simuleta, yaani mashine ya kuigiza urukaji, ambao ni kila miezi sita, haujapunguzwa bei wala ugumu. Ryanair, ambayo watu huko Ulaya huilaani kwa kila kitu, haijapata ajali iliyoua abiria tangu ianze kuruka mwaka 1985.

Kuna na hili la rafadha, yaani propela, linalonikera zaidi ya la mafuta. Jambojet, shirika letu la Kenya la nauli nafuu, ilianza mwaka 2014 kwa Boeing 737 za jeti, kisha ikahamia ndege za Dash 8-400, na baadhi ya watu wakasema imerudi nyuma kwa sababu "zina mapanga". Injini ya Dash 8-400 ni turbini, ndugu ya injini ya jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake kubwa inazungusha rafadha yenye mapanga sita. Inakwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Jeti hupata faida yake ikipanda juu sana na kubaki huko, na kwa safari ya kutoka Nairobi hadi hapa, haijakaa sawa huko juu kabla ya kuanza kushuka tena. Dakika chache zinazookolewa hazilipi mafuta yanayoteketea.

Na mkinisikia nimetua kwa kishindo wakati wa mvua, msicheke. Kwenye lami yenye maji nataka magurudumu yaikanyage kwa nguvu na yakate maji. Kutua kwa kubembeleza kunaweza kuyaacha yakiteleza juu ya maji huku lami ikiisha.

Kinachofaa kuogopwa hakiulizwi na mtu: haraka na uchovu. Ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa anga, 583, ilitokea Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili zilipogongana uwanjani, na zote mbili zilikuwa za mashirika ya heshima, KLM ya Uholanzi na Pan Am ya Marekani. Palikuwa na ukungu na mkanganyiko wa redio, na kapteni wa KLM alikuwa akikimbizana na kikomo cha saa za kazi za wafanyakazi wake. Aliondoa ndege bila ruhusa. Nauli haikuhusika.

Kwetu, haraka hiyo huja kwa vipande vidogo, miruko minne kwa siku, kila mmoja na kupaa kwake na kutua kwake. Sheria nyingi zinaufupisha urefu wa zamu kadiri miruko inavyoongezeka, na ni jambo jema. Lakini zamu huhesabiwa tangu nilipofika kazini, nami nimeamka saa tisa usiku, baada ya kujilazimisha kulala saa moja jioni katika joto la Machi, umeme umekatika, feni imesimama, na jirani ana harusi. Sheria inaniruhusu kusema kwamba nimechoka na siwezi kuruka. Nimeona pia wenzangu waliosema hivyo mara mbili katika mwezi mmoja wakiitwa na rubani mkuu kwa mazungumzo ya kirafiki, na baada ya hapo wakaanza kusema kwamba wana homa.

Kwa hiyo mzee wangu, na wengine wote, achaneni na tangi. Ulizeni shirika marubani wake wanapoandika ripoti ya uchovu, ripoti hiyo inakwenda kwa nani.