Kufuata mto kunakoteremka si kuserereka

Wengi wakisikia habari za kuendesha baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, husema: "Si unashuka na maji tu? Baiskeli inajiendesha!"

Haijiendeshi. Passau iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna kama mita 160, na kati yake pana kilomita zipatazo 320. Gawanya: unashuka pungufu ya nusu mita kwa kila kilomita. Msuguano wa tairi na lami peke yake unameza mteremko huo wote. Ukiacha kunyonga, baiskeli inasimama.

Tena tambarare ina uchovu wake, ambao mtu wa milimani haujui. Mlimani unapanda, unatoa jasho, kisha unashuka huku miguu imepumzika. Hapa unanyonga kutwa, umekaa vilevile, mpaka viganja vinakufa ganzi na tandiko linakuwa adui.

Kinachosaidia kweli ni upepo. Pande zile huvuma zaidi kutoka magharibi, ndiyo maana wengi huelekea mashariki. Siku upepo ukigeuka, utatamani mlima.

Na magari je? Sehemu kubwa ya njia hayapiti. Vipande vingine ni vile walivyopita farasi zamani wakikokota mashua dhidi ya mkondo. Ila bonde la Wachau, penye mizabibu na miaprikoti, njia hupenya vijijini, na humo magari yapo.