Si kila anguko la shujaa ni kiburi

Wanafunzi wengi wa fasihi wamekariri jibu moja: shujaa wa tanzia (tamthilia ya huzuni) ya Kigiriki huangushwa na kiburi, yaani hubris. Jibu hilo linawapunja.

Kwa Wagiriki wa kale, hubris haikuwa hasa hisia ya kujiona. Mwanafalsafa wao Aristotle anaieleza kama tendo: kumdhalilisha mtu kwa kujifurahisha tu. Huko Athens mtu aliweza kushtakiwa kwa kosa hilo. Na alipozungumzia anguko la shujaa, Aristotle alitumia neno jingine, hamartia, yaani kosa, kama la mtupaji aliyekosa shabaha.

Mtazame mfalme Oedipus katika tamthilia ya Sophocles. Anasimama mbele ya raia na kumlaani muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, akiapa kumpigania marehemu kana kwamba ni baba yake mzazi. Hadhira inajua kwamba ni baba yake kweli, na muuaji ni yeye mwenyewe. Hicho ndicho kinaya. Ana hasira na anajiamini mno, sikatai, lakini maneno haya anayatamka akitaka kuwaokoa watu wake na tauni. Ukiandika “kiburi” hapo, uchungu wake wote umekupita.