"localhost" ya Prometheus ndani ya kontena si seva yako

Wengi wanaoendesha Prometheus (programu ya kufuatilia hali ya seva na vifaa vya mtandao) kwa Docker huamini kwamba `127.0.0.1`, yaani localhost, ndani ya kontena ni seva inayoliendesha. Sivyo. Kila kontena lina mtandao wake, hivyo anwani hiyo humrudisha Prometheus kwake mwenyewe. Kinachopotosha zaidi ni kwamba kazi (job) ya `localhost:9090` huonyesha UP, kwani hapo Prometheus anajipima mwenyewe.

Kosa hujitokeza mtu anaponakili mfano wa mipangilio ya snmp_exporter (programu inayosoma takwimu za vifaa vya mtandao kwa itifaki ya SNMP na kumpa Prometheus) wenye `replacement: 127.0.0.1:9116`. Swichi na ruta zote huwa DOWN kwa mpigo, na ukurasa wa `/targets` husema `connection refused`. Watu hukimbilia kubadili nywila ya SNMP, ilhali ombi halijafika hata kwa snmp_exporter.

Kama makontena yote mawili yamo kwenye faili moja la Docker Compose, andika jina la huduma: `snmp-exporter:9116`. Tumia poti ya ndani. Ukiwa umefungua `9200:9116`, hapa bado ni 9116. Kama snmp_exporter iko kwenye seva yenyewe, nje ya kontena, tumia `host.docker.internal:9116`. Kwenye Linux ongeza kwanza `extra_hosts: ["host.docker.internal:host-gateway"]` kwenye huduma ya Prometheus (Docker 20.10 au mpya zaidi), na hakikisha snmp_exporter haisikilizi `127.0.0.1` pekee.

Kisha mwambie Prometheus asome mipangilio upya: `docker compose kill -s SIGHUP prometheus`. Ukiwa umeongeza `extra_hosts`, tumia `docker compose up -d` ili kontena liundwe upya. Mipangilio ya zamani ikigoma kuondoka, huenda umepachika (mount) faili moja tu la `prometheus.yml`: baadhi ya vihariri huandika faili jipya badala ya kurekebisha lililopo, na kontena hubaki na la zamani. Pachika folda nzima.