Kung'amua video kwa kadi: kitu cha kuangalia kabla ya kununua kadi ya grafiki ya sebuleni

Ukiingia duka la kompyuta za mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya, ukasema unatafuta kadi ya grafiki ya kuangalizia muvi kwenye runinga, swali la kwanza utakaloulizwa ni "GB ngapi?" Likifuata jingine, litakuwa unacheza gemu gani. Hayo yote ni maswali ya mtu wa gemu. Anayetaka kuweka kompyuta ya Linux chini ya runinga yake anapaswa kuuliza mengine: kadi hii inang'amua video za aina gani, na je, Linux inaweza kukitumia hicho kifaa cha kung'amulia kilichomo ndani yake?

Video haihifadhiwi picha kwa picha. Picha moja ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2, na sekunde moja ya muvi hubeba picha 24. Zingehifadhiwa zote kama zilivyo, muvi ya saa mbili ingekula zaidi ya terabaiti moja. Kwa hiyo video hubanwa: faili hubeba picha chache kamili, na kwa zilizobaki huandika tu kilichobadilika. Kanuni za kubana huitwa kodeki. Unapobonyeza kitufe cha kucheza, lazima awepo wa kukunjua kilichokunjwa, mara 24 kila sekunde, bila kuchelewa.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa kwa kupiga hesabu. Inaweza pia kufanywa na sakiti ndogo iliyomo ndani ya kadi ya grafiki, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Hii ya pili ndiyo kung'amua video kwa kadi. Fikiria king'amuzi cha dishi: hakina nguvu ya kompyuta hata kidogo, lakini kinaonyesha mpira usiku kucha bila kuhema. Na kama king'amuzi, kisichotengenezewa hakikisomi. Kodeki mpya huwezi kuiongeza baadaye kwa kusasisha programu. Ama imo kwenye sakiti tangu kiwandani, ama haimo.

Isipokuwemo, mzigo unarudi kwa prosesa. Mpe prosesa ya Intel i5 ya mwaka 2013 muvi ya 4K (nukta mara nne ya 1080p) iliyobanwa kwa kodeki ya HEVC uone: feni inavuma kama mashine ya kusaga, picha zinaruka, sauti inatangulia midomo. Joto lenyewe si tatizo sana, hasa kwenye baridi ya Uyole mwezi wa Julai. Tatizo ni kelele sebuleni, uniti za LUKU, na inveta inayokata mapema siku umeme ukikatika.

Basi kodeki zenyewe ni zipi? H.264 ni ya mwaka 2003, na ukikuta kadi isiyoijua, hiyo ni ya kumbukumbu. HEVC, ambayo wengine huiita H.265, ilitoka mwaka 2013, na ndiyo imejaa kwenye faili za x265 tunazopeana kwa flashi. VP9 na AV1 ni za mtandaoni: YouTube inazitumia zote mbili, na AV1 ilitoka mwaka 2018.

Ndani ya HEVC kuna mtego wa biti. Video ya kawaida ni ya biti 8, yaani kila rangi ya msingi ina ngazi 256. Ya biti 10 ina ngazi 1,024. Faili nyingi za 4K ni za biti 10, na kuna ving'amuzi vinavyosoma HEVC ya biti 8 vikashindwa hiyo. Muuzaji hatakwambia, kwa sababu hata boksi halisemi.

Hapa ndipo bei inapodanganya. GTX 970 ya NVIDIA ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa kadi ya wenye nazo, na kwenye gemu inaiacha mbali GTX 950 iliyofuata mwaka 2015. Lakini GTX 950 ndiyo yenye king'amuzi kamili cha HEVC, pamoja na biti 10. GTX 970 haina. Kwa sebuleni, ya bei ndogo inaishinda ya bei kubwa, na GB zake hazihusiki kabisa.

Upande wa Linux kuna hatua moja zaidi. King'amuzi kikiwepo, programu inahitaji mlango wa kukifikia. Mlango mkuu unaitwa VA-API, ulioanzishwa na Intel. AMD pia hupitia huo. Draiva zao ziko wazi, zinakuja na kerneli (kiini cha Linux), na kwa AMD na Mesa (maktaba ya grafiki), na mara nyingi huna cha kufunga zaidi ya pakiti moja. NVIDIA wana njia zao, VDPAU na NVDEC, na hizo zinataka draiva yao isiyo wazi. Programu za kuchezea video kama VLC, mpv na Kodi zinajua kuzitumia njia hizi. Firefox inategemea VA-API, kwa hiyo mwenye NVIDIA lazima atafute daraja la kuunganisha. Anayetumia Fedora, moja ya matoleo ya Linux, ajue pia kwamba tangu mwaka 2022 Mesa yake haiji na H.264 wala HEVC kwa sababu za hataza, na zinapatikana RPM Fusion, ghala la pakiti la nje. Wengi wamelaumu kadi kwa kosa ambalo si lake.

Kujua kadi inaweza nini, kuna amri fupi kwenye teminali: vainfo. Itakumwagia mistari ya aina hii:

VAProfileHEVCMain10 : VAEntrypointVLD

Upande wa kushoto ni kodeki, hapa HEVC ya biti 10. Kulia, VLD maana yake kadi inaweza kuing'amua. Ukiona EncSlice, hiyo ni kubana, kazi tofauti ambayo mtazamaji wa muvi haihitaji. Hakuna mstari wenye AV1? Basi kadi, au draiva uliyonayo, haiing'amui.

Sasa kadi zenyewe. GT 710 iko kila mahali na ni ya bei ndogo, na ningekushauri uipite tu: haijui HEVC wala VP9, na HDMI yake ni 1.4, inayoishia 4K ya picha 30 kwa sekunde. GT 1030 ya mwaka 2017 ni nyingine kabisa. Inakula wati 30, yapo matoleo yake yasiyo na feni (jambo jema Agosti vumbi linapoanza), na inajua HEVC ya biti 10 pamoja na VP9. Doa lake ni draiva: NVIDIA wametangaza kwamba tawi la 580 la draiva zao ndilo la mwisho kwa kizazi hicho, kwa hiyo umri wake kwenye Linux mpya unahesabika. RX 550 ya AMD ina draiva nzuri na HEVC ya biti 10, lakini kwenye Linux haing'amui VP9. RX 6400 ya mwaka 2022 inaongeza VP9 na kukosa AV1. Intel Arc A310 inazijua zote, AV1 ikiwemo, ila inataka kerneli 6.2 au mpya zaidi, na kuikuta Mbeya au Iringa ikiwa ya mtumba ni bahati. Kwa kawaida utaiagiza.

Kabla hujaagiza, angalia prosesa uliyonayo. Intel nyingi zina kadi ya ndani, na kuanzia kizazi cha 7 inang'amua HEVC ya biti 10 na VP9. Kuanzia cha 11, na AV1. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-4570 ni cha 4, i5-7500 ni cha 7, i5-10400 ni cha 10. Zile zenye herufi F mwishoni hazina kadi ya ndani. Mashine ya ofisini yenye i5-7500 haihitaji kadi yoyote kwa kazi hii, na hela yako bora uiweke kwenye SSD. Mwenye i5-4570 ndiye wa kutafuta kadi, au kupiga hesabu kama kubadilisha mashine nzima hakutamgharimu pungufu ya hapo.

Mashine hizo za ofisini zikiwa zile nyembamba, zinataka kadi fupi yenye bamba fupi la chuma. Ulizia bamba hilo kabla ya kulipa, kwa sababu huuzwa ndani ya boksi na mtumba hauna boksi. Pawa saplai zake pia mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi, hivyo baki kwenye kadi zinazotosheka na umeme wa tundu lenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75.

Netflix haimo kwenye hesabu hizi: 4K yake haipatikani kwenye kompyuta ya Linux hata ukiweka kadi ya mamilioni, kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki. Na kama unatazama YouTube kwa mashine inayojua H.264 peke yake, kuna kiongezi cha kivinjari kinachoitwa h264ify kinachoilazimisha itume H.264. Utaishia 1080p, lakini picha hazitaruka.

Ukienda kununua, beba flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, na faili moja ya HEVC ya biti 10. Mwombe fundi awashe mashine kwa flashi hiyo, fungua hotspoti ya simu, sakinisha vainfo na mpv, usome mistari. Cheza faili kwa mpv --hwdec=auto, kisha ubonyeze herufi i: inaonyesha kama king'amuzi kinafanya kazi au prosesa ndiyo inateseka. Kwa NVIDIA jaribio hili halitakupa jibu, kwa sababu flashi nyingi haziji na draiva yao. Hapo soma namba ya kadi na uitafute kwenye jedwali la kodeki lililoko kwenye tovuti ya NVIDIA wenyewe.